Kungoja Marahaba

Nilimfundisha binti yangu kusema shikamoo kwa miaka miwili na zaidi, na siku nikiwa na hasira husema afadhali ningemwacha aitwe hana adabu mpaka leo. Hasira zikipoa nasema mengine. Lakini nikisimulia habari zetu huwa naanzia kwenye salamu, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo.

Tunaishi Kwamndolwa, hapa Korogwe, mimi na yeye tu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na ikifika Januari watu wananitafuta kuliko wanavyomtafuta mwenyekiti wa mtaa. Baba yake nitamtaja mara hii moja, kisha basi: alihamia Handeni mjini kwa mke mwingine, mwaka uleule ambao mtoto alitakiwa aanze kuongea na hakuanza.

Alianza kuongea akiwa na miaka sita, maneno machache, mengi yakiwa majina ya vitu. Hakupenda kushikwa, hasa kichwani. Nywele zake nazikata fupi mpaka leo kwa sababu kumsuka ni vita. Hakupenda mchuzi uguse wali. Pikipiki ikipiga honi karibu yake aliziba masikio na kulala chini palepale, iwe sokoni au msibani. Majirani walinipa maelezo mengi bila kuombwa. Wengine walisema mapepo, wengine walisema nimemdekeza, na mmoja alisema ni kiburi cha mama kimemwingia mtoto. Huyo nilimjibu, na hatujasemezana tena.

Mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu ndiye aliyenipa neno lenyewe, usonji. Nilimuuliza amesomea au anakisia. Alicheka, akasema amesomea. Akaniambia kwamba hili si jambo la kupona kama malaria, mtoto ndivyo alivyo, ila atajifunza mengi nikiwa na subira, na nisimhangaishe kwa waganga. Nilikuwa nimeshampeleka kwa wawili.

Mimi nina presha. Mama yangu alikuwa nayo, na mama yake pia. Kwa hiyo swali la nani atakaa na binti yangu siku nikiondoka lilikuwa pale mezani kwangu kila siku, pamoja na mkasi na chaki. Jibu alilitoa mama yangu mwenyewe, ambaye hapa nitamwita Bibi kama binti yangu alivyomwita. Bibi alikuwa akiishi Sindeni, wilaya ya Handeni, kwenye shamba la familia, na kaka yangu alikuwa amejenga hatua chache kutoka kwake.

"Mlete kwangu kidogo kidogo," Bibi aliniambia. "Wewe huko mjini una majirani wapangaji, leo wapo kesho wamehama. Huku watu hawahami. Nikishawazoesha wakamzoea, siku mimi na wewe hatupo atakuwa mtu wa hapa. Na kile chumba cha uani ni chake. Nimeshasema."

Bibi akisema nimeshasema, hata mbuzi walielewa. Basi nikawa na kazi mbili. Ya kwanza, ajue kusalimia, kwa kuwa Sindeni mtu asiyesalimia hapewi hata maji ya kunywa. Ya pili, ajue kwenda huko mwenyewe.

Salamu nilimfundishia kwenye ngazi ya nyumba yangu, jioni baada ya kazi. Mwalimu alisema nimpe hatua fupi zisizobadilika. Nikampa nne: tazama paji la uso, sema shikamoo, ngoja marahaba, nenda zako. Paji la uso kwa sababu macho ya watu yalikuwa yakimuumiza, na paji la uso halimtazami mtu. Mwanzoni aliamkia kila kiumbe. Aliamkia watoto wa chekechea wakakimbia wakicheka. Nikaongeza sheria: mwenye mvi, mwenye mkongojo, mwenye ndevu, na mama yeyote aliyejifunga kilemba. Ndiyo maana kijana mmoja wa bodaboda mwenye vindevu vitatu kidevuni alipata shikamoo kila asubuhi kwa mwaka mzima na hakulalamika.

Kosa langu lilikuwa kwenye hatua ya tatu. Watu wana haraka, wana simu masikioni, wengine salamu ya mtu kama yeye waliiona ni ya kupuuzwa. Yeye akisema shikamoo na asijibiwe, alisimama. Alisimama mbele ya mtu mpaka mtu akaogopa. Ili kumnasua nikawa namjibia mimi, marahaba mwanangu, twende. Siku moja mwalimu aliniona nikifanya hivyo.

"Mama, kwani wewe ndiye uliyesalimiwa?" akaniuliza.

"Mwenyewe hajibu."

"Siku wewe haupo, nani atamjibia?"

Lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa swali langu mwenyewe likitoka mdomoni mwa mtu mwingine. Nikarudi nyumbani nikaweka sheria mpya, na nilipoiweka niliiweka kwa mkazo, mimi si mtu wa nusunusu. Nilimwambia marahaba ni ya yule uliyemsalimia, ya mtu mwingine haihesabiki. Tulirudia sheria hiyo wiki nyingi. Niliitangaza mtaa mzima, kwamba binti yangu akiwaamkia mumjibu, ni neno moja tu, halitawavunja taya. Wengi wakazoea. Wakaanza kumwita yule wa salamu, na sikuona ubaya.

Vijana wa stendi ndogo ya bodaboda walipoijua ile sheria wakaifanya mchezo. Siku moja nilimtuma dukani, akakawia. Nikamkuta amesimama juani mbele ya wanaume watano, mmoja wao yule mwenye vindevu, wote wamefunga midomo na mabega yanatetemeka kwa kicheko. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa gauni lake. Midomo yake ilikuwa ikirudia shikamoo bila sauti. Sitaandika niliyowaambia, ila mmoja aliangusha kofia yake ya pikipiki, na mama anayeuza chai pale jirani alitoka na mwiko kuja kunisaidia. Wakajibu wote watano kwa pamoja, marahaba, marahaba. Binti yangu akaondoka mara moja kwenda zake, amesahau. Mimi sikusahau. Nililia njia nzima nikiwa nyuma yake.

Kazi ya pili, ya safari, tuliifanya kwa kitambaa. Karatasi za picha alizichana, hivyo nikachukua utepe wa kitambaa cha sare, rangi ya buluu, nikadarizi picha sita kwa mpangilio: mlango wetu, pikipiki, basi, mnara wa simu mwekundu na mweupe, kisima, na mwisho Bibi na kilemba chake. Kila akimaliza hatua anakunja picha moja chini. Picha ikibaki moja, amefika.

Mwanzo tulikwenda tukiwa tumekaa kiti kimoja. Kisha nikahamia kiti cha nyuma. Kisha nikamwambia, tukiwa safarini hatujuani, usinisemeshe, usinitazame, mimi ni abiria tu. Nilibadilisha mtandio, nikavaa miwani ya kaka yangu, nikajiona nimejificha kweli. Yeye alipita kwenye kiti changu akasema taratibu, "Mama, viatu." Nilikuwa nimesahau kubadilisha viatu. Abiria walicheka, na mimi nilicheka, na hiyo ni miongoni mwa siku chache za furaha tupu ninazozikumbuka. Baada ya hapo alinipita bila neno, kama nilivyomfundisha, na kila aliponipita nilijivuna, na kuna mahali padogo palikuwa panauma.

Jumamosi aliyokwenda peke yake kweli nilikaa kwenye cherehani nikashona mfuko wa shati upande wa nyuma. Saa tano na robo kaka yangu akapiga simu. "Amefika," akasema. "Amemwamkia mama, ameniamkia mimi, amewaamkia mafundi wa kisima. Sasa anakula."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo alikwenda kila Jumamosi asubuhi na kurudi jioni. Bibi alimpikia bada, ugali wa muhogo, na mboga chungu ya mchunga, bada kwenye sahani yake, mchunga kwenye bakuli lake, visigusane. Alimfundisha kuchana ukindu na kusuka ukili wa mikeka, na hapo ikaonekana vidole vyangu vya fundi si kitu. Binti yangu alipanga ukindu kwa upana, mmoja mmoja, na ukili wake ulikuwa sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wanawake wa Sindeni wakaanza kuleta ukindu wao auchane yeye. Walikaa naye ukumbini bila kumlazimisha kuongea. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta maisha yangu yote, watu wa kukaa naye tu.

Na marahaba ya Bibi haikuwa kama za wengine. Aliacha alichokuwa akikifanya. Alikuwa akipeta mahindi, ungo uliwekwa chini. Akasema "marahabaaa" ndefu, yenye kupanda na kushuka, na binti yangu alisimama akiisikiliza mpaka iishe yote, akatabasamu kwenye paji la uso la Bibi. Yeye hatabasamu ovyo. Mwezi wa tatu wa safari hizo alikubali kulala huko usiku mmoja, kwenye kile chumba cha uani, akapanga kandambili zake mlangoni zikiwa zimetazama nje.

Kisha Bibi akapooza. Ilikuwa Jumatano, akiwa shambani. Kaka yangu alimbeba mpaka barabarani, akalazwa, akarudishwa nyumbani baada ya wiki mbili akiwa na upande mmoja wa kushoto unaofanya kazi na ulimi usiofanya. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Macho yalikuwa yaleyale.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na binti yangu, na tulikaa kiti kimoja. Nilimweleza njiani kwamba Bibi anaumwa, hawezi kuongea. Alikunja picha zake moja moja. Tulipoingia ndani alikwenda moja kwa moja kitandani, akatazama paji la uso, akasema, "Shikamoo Bibi." Akangoja.

Bibi alijaribu. Nilimwona akikusanya nguvu zote, shingo imemsimama mishipa, na kilichotoka kilikuwa pumzi na mate. Machozi yakamtoka upande ule mzima. Binti yangu alisimama. Nikamwambia, marahaba mwanangu, Bibi amesema marahaba. Hakunitazama. Nikamwambia Bibi ameitikia moyoni. Nikamwambia njoo ule. Nikamwambia kwa ukali, kisha nikambembeleza, kisha nikamwomba. Sheria ilikuwa yangu na nilikuwa nimeiweka vizuri sana. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, miguu yake ikavimba, na Bibi kitandani alikuwa akigeuza uso ukutani ili asimwone mjukuu wake akimngoja.

Aliyetuokoa ni jirani, mama mmoja wa Kimasai ambaye boma lao liko ng'ambo ya korongo na ambaye alikuwa akimletea Bibi maziwa tangu alipougua. Aliingia na kibuyu chake, akatutazama sisi watatu, akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa uchungu, maana nilikuwa nimeshachoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu mtoto hasemi kitu," akasema. "Anainamisha kichwa, mkubwa anagusa hapa juu. Basi, imekwisha."

"Huyu hataki kuguswa kichwa."

"Muulize."

Sikuwa nimewahi kumuuliza. Nilikuwa nimezoea kusema kwa niaba yake, hataki hiki, hawezi kile. Yule mama hakunisubiri. Alipiga magoti kando ya kitanda, akainamisha kichwa chake mwenyewe chenye shanga masikioni mpaka karibu na Bibi. Bibi akaelewa. Lakini mkono wake uliokuwa mzima ulikuwa wa kushoto, na Bibi alikuwa mtu aliyetuchapa vidole utoto wetu wote tukipokea kitu kwa kushoto. Aliutazama ule mkono kwa aibu. Niliona aibu ile kwa macho yangu. Yule mama akasema, bila kuinua kichwa, "Mkono ni mkono, Bibi." Mkono wa kushoto ukanyanyuka ukitetemeka, ukamgusa utosini, ukaanguka.

Binti yangu aliangalia yote hayo. Mama wa Kimasai akasimama, akasema imekwisha, akatoka nje kwenda kumimina maziwa. Mimi nilishika ukingo wa kitanda. Binti yangu alipiga magoti, taratibu, akainamisha kichwa chake kisichoguswa na mtu, akakaza macho. Mkono wa Bibi ukatua. Haukuanguka safari hii. Ulikaa pale, ukateleza kidogo kwenye nywele fupi, ukarudi. Binti yangu alitetemeka mwili mzima kama anayemwagiwa maji ya baridi, lakini hakuondoa kichwa. Bibi alipoondoa mkono, alisimama akaenda kula bada. Aliikuta imepoa akala yote.

Ikawa hivyo kwa miezi minne. Alianza tena kwenda peke yake. Alisema shikamoo Bibi, akapiga magoti, akaguswa, akakaa sakafuni kando ya kitanda akasuka ukili. Mimi mwenyewe nilijaribu siku moja nyumbani kumgusa kichwa, akanikwepa. Nilisema moyoni sawa, si yangu. Lakini niliumia.

Bibi alifariki asubuhi ya Ijumaa. Naandika jambo hili haraka kwa kuwa sijui kuliandika polepole. Nilifika Sindeni na binti yangu, nyumba imejaa watu, nikamwacha mlangoni nikaenda kujitupa kwa wanawake wenzangu. Nililia. Nilisahau kwamba kuna mtu ambaye asipoambiwa jambo kwa maneno, halijatokea. Hakuna aliyemwambia. Yeye hakukunjua utepe wake siku ile, kwa kuwa haikuwa Jumamosi.

Bibi alipokwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, wanawake wa familia tuliitwa kumuaga. Binti yangu aliingia pamoja nasi. Alisema shikamoo Bibi kwa sauti yake ileile isiyopanda wala kushuka. Wanawake wakaangua kilio. Akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka kwenye mkeka, akangoja mkono. Mikono ya Bibi yote miwili ilikuwa ndani ya sanda.

Nilitakiwa nimwambie pale. Nilitakiwa nipige magoti nimwambie, Bibi amekufa, mkono wake hautanyanyuka tena, wewe huna kosa na yeye hana kosa. Maneno hayo nimeyatunga baadaye, usiku na mchana, nimeyatunga vizuri. Siku ile nilisimama tu. Wanaume wakaja na jeneza. Wakangoja kidogo, wakaulizana. Kaka yangu aliingia, macho mekundu, mama yake amelala pale, akasema, "Dada, mwondoe." Akamshika yeye mwenyewe mabegani kumwinua.

Alipiga ukelele ambao watu wa Sindeni hawajausahau. Alimpiga kaka yangu usoni, akampasua mdomo. Akarudi kujitupa mkekani, kichwa chini, akangoja. Ilibidi waje wanaume watatu. Walimtoa akiwa amebebwa miguu na mikono mbele ya msiba wote, gauni limepanda, mimi nikikimbia nyuma kulishusha. Kazi ya Bibi ya kuwazoesha watu iliishia pale pale, ndani ya dakika zile. Nilisikia mtu akisema, "Kumbe ni kichaa kabisa." Mtu huyo mwezi mmoja kabla alikuwa amekaa naye ukumbini akichaniwa ukindu.

Baada ya arobaini familia ilikaa. Kaka yangu si mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke, ingawa kwa wiki nyingi nilimwita mabaya yote ninayoyajua. Alikuwa na kovu jipya kwenye mdomo. Alizungumza akitazama chini.

"Dada, mimi siwezi. Nina watoto wadogo humu ndani. Leo amenipiga mimi, kesho je?"

"Mama alisema chumba ni chake."

"Mama alisema. Mama ndiye aliyekuwa anamweza."

Nilipotoka nje nilipita chumba cha uani. Walikuwa wameshaweka magunia ya mahindi. Kandambili zilikuwa zimewekwa juu ya gunia moja, nikazichukua.

Nyumbani Kwamndolwa nilifanya jambo la mwisho la kijinga. Niliogopa Jumamosi. Niliogopa atakwenda tena kule ambako hatakiwi, watu wamtazame vile. Basi nikachukua utepe wa buluu, nikakaa na kiwembe, nikafumua picha ya Bibi uzi kwa uzi, kilemba kwanza. Kilichobaki ni matundu ya sindano. Nilijua kwamba kwake kitu kisicho na picha hakipo. Nikaukunja utepe nikaurudisha kwenye msumari wake ukutani.

Jumamosi nilikwenda shule moja kupeleka sare. Niliporudi mlango umerudishwa vizuri, binti hayupo, msumari mtupu. Nilikimbia mpaka stendi kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa. Yule mama wa chai akaniambia, "Fundi, mbona unahema? Amepanda pikipiki kufuata gari la Handeni kama kawaida yake. Ameniamkia, nikaitikia." Akaongeza kwamba kabla ya kupanda aliutazama utepe, akapapasa kwa kidole pale mwisho pasipo na picha, akapanda.

Nilipanda gari lililofuata. Nilishuka penye mnara, nikapita kisima, nikamkuta kaka yangu amesimama kwenye njia ya shambani na jembe mkononi. Makaburi yetu yako pale, nyuma ya mihogo. Aliweka kidole mdomoni mwake kuninyamazisha.

"Usimwite," akasema. "Yuko pale tangu saa tano. Sikumfukuza. Nilimwambia Bibi hayupo, akasema anajua."

"Amesema anajua?"

"Amesema, Bibi amekufa. Akaniuliza wapi. Nikamwonyesha."

Nani alimwambia, mpaka leo sijui. Labda alijua siku nyingi. Labda alijua kabla yangu, na pale mkekani hakuwa akingoja kwa kutojua.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya udongo ambao ulikuwa bado haujashuka. Kichwa kimeinama. Alikuwa tuli kabisa, jua limempiga shingoni, na mimi nilihesabu ndani ya kichwa changu ni saa ngapi miguu ile itavimba, na safari hii yule mama wa Kimasai hayupo, na mimi ndiye niliyetunga kwamba jibu la mtu mwingine halihesabiki. Nilitaka kwenda kuweka mkono wangu pale juu hata kama ataukwepa. Kaka yangu akanishika kiwiko.

Binti yangu alinyanyua mkono wake mwenyewe, wa kushoto. Akauweka utosini pake. Ulikaa pale, ukateleza kidogo kwenye nywele, ukarudi. Kisha akauondoa, akasimama, akapangusa magoti, akakunja utepe wake mpaka mwisho.

Alikuja kwenye njia tuliyosimama. Akatazama paji la uso la kaka yangu, akasema, "Shikamoo mjomba." Lile kovu la mdomo likatetemeka. Kaka yangu akasema marahaba, na akaisema kwa kirefu kuliko nilivyowahi kumsikia. Kisha binti yangu akageukia upande wangu. Akatazama viatu vyangu, hiki kimefungwa, hiki hakijafungwa, akavijua. Tulikuwa safarini. Akanipita bila neno, akashika njia ya kisima kwenda barabarani, mgongo umenyooka.

Chumba cha uani kina mahindi mpaka leo naandika haya. Yeye huenda kila Jumamosi. Lakini siku ile kaka yangu alimtazama mpaka akapotea nyuma ya mihogo, akaniuliza, "Atafika?"

Nikamwambia atafika. Kisha nikakaa chini palepale njiani nikalia, maana sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.